Barabara Zote za Magharibi Zateremkia Nakuru

(Hotuba kwa wanafunzi wa sheria mjini Nakuru. Imeandikwa kutokana na rekodi na kupunguzwa kidogo.)

Mwenyekiti, wahadhiri wetu, mawakili wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao kwa haki mngekuwa mkijiandaa kwa mitihani badala ya kunisikiliza mimi: hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuanza kazi ya uwakili katika kuwatetea wakimbizi na waomba hifadhi. Barua ya mwaliko ilitaja Geneva, ikataja na Gigiri, ziliko ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi. Salgaa, kituo cha barabara kuu hapa jirani, haikutajwa. Hapo nikajua nitakalosema.

Tazameni ramani. Mtu akitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, kwa basi anapita Lodwar, Kapenguria, Kitale. Anayevuka kutoka Uganda anaingilia Malaba au Busia. Njia ya Kitale na ile ya Malaba zinakutana karibu na Eldoret, ya Kisumu inajiunga nazo Mau Summit, kisha zote zinateremka hapa kabla ya kushika njia ya Nairobi. Njia hiyo ina vizuizi vya polisi, na anayeteremshwa kizuizini analala kituoni, na aliyelala kituoni anafikishwa mahakamani, mahakama yoyote iliyo karibu. Kwa hiyo aliyekimbia vita vya Sudan Kusini au mashariki mwa Kongo hakutani na sheria ya kimataifa Geneva. Anakutana nayo mbele ya hakimu wa mji kama huu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akisikiliza lugha asiyoijua.

Wengi wenu mnaoipenda kazi hii mnangoja. Mnangoja shahada ya pili ya haki za binadamu, mnangoja nafasi ya mafunzo katika shirika la Umoja wa Mataifa, mnangoja Nairobi. Mimi nasema kazi hii inaanzia katika mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe, na inataka ufundi wa wakili wa kawaida kabla haijataka mengine yote. Anayejua kumhoji mteja, kusoma hati ya mashtaka na kutunza faili, huyo tayari amefika nusu ya njia. Asiyejua hayo, hata angekariri Mkataba wa 1951 kuhusu wakimbizi neno kwa neno, mteja wake atarudishwa mpakani.

Niwaeleze Jumatatu asubuhi ilivyo, maana wengi wenu mkienda mahakamani mnakaa benchi za nyuma mkaondoka kabla ya chai.

Waliokamatwa tangu Ijumaa wanaletwa kwa pamoja. Walevi, waliopigana, aliyeiba simu, kisha kundi la vijana watano au sita walioteremshwa kwenye basi usiku. Hati ya mashtaka ni moja, na majina yao yameandikwa jinsi polisi alivyoyasikia. Shtaka ni kuwa nchini kinyume cha sheria, chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Karani anasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha mbio. "Ni kweli au si kweli?" Kijana wa kwanza anatikisa kichwa kukubali. Anaandikwa amekiri. Wa pili ameona kwamba wa kwanza hakupigwa, naye anakubali. Muda si muda shauri limekwisha, na mwishoni mwa adhabu kuna sentensi moja fupi: wakimaliza kifungo warejeshwe kwao.

Huko kwao ndiko walikokimbia.

Sasa wewe umeketi pale mbele na faili ya kesi ya shamba. Hawa si wateja wako, na hakuna aliyekulipa hata nauli. Simama. Jitambulishe, mwombe hakimu ruhusa ya kusema neno kwa niaba ya washtakiwa, useme hawaonekani kuielewa lugha inayotumika. Sijaona hakimu mwenye akili timamu aliyechukizwa na jambo hilo. Mahakimu wengi si wakatili. Wana mafaili mengi na wakalimani wachache.

Na unalo la kusimamia, tena umelisoma chuoni: hukumu ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973. Shtaka na kila kiungo cha kosa vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Upande wa mashtaka useme mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana. Kutikisa kichwa si kukiri. Ongeza Katiba, kifungu cha 50: haki ya mkalimani bila malipo. Omba waandikwe kuwa wamekana, au shauri liahirishwe hadi mkalimani apatikane. Omba Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ijulishwe. Kisha shuka kwenye seli ukazungumze nao, hata kama ni kwa kupitia kijana mmoja anayejua Kiarabu cha Juba na Kiswahili kidogo.

Pale selini ndipo utakapojua kama ni wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka aliyeingia nchini akitafuta hifadhi ajitokeze kwa maofisa upesi, au kwa vyovyote ndani ya siku 30, hata kama aliingia bila karatasi. Na ombi lake likiwa linashughulikiwa, hashtakiwi kwa sababu tu ya namna alivyoingia. Kijana aliyekamatwa siku ya pili akiwa njiani hajachelewa chochote. Ukikuta amekaa mwaka mzima bila kujiandikisha, kazi ni ngumu zaidi lakini haijafa, kwa maana katazo la kumrudisha mtu kwenye hatari halihesabiwi kwa kalenda.

Upo pia mkimbizi aliyesajiliwa kabisa, ana kitambulisho chake, ila ametoka Kakuma bila kibali cha kusafiri. Huyo kosa lake ni jingine, na utetezi wake ni mwingine. Ametoka kwa nini? Alikuwa akimfuata daktari? Alikuwa amerudi shuleni? Mtoto wake alilazwa Eldoret? Aliomba kibali kikachelewa? Uliza kabla ya kumshauri lolote, kwa maana shtaka likiandikwa vibaya, mkimbizi aliyesajiliwa huweza kuhukumiwa kama mtu aliyeingia jana kwa njia ya panya.

Hapa nipite haraka juu ya nani ni mkimbizi, kwa kuwa wahadhiri wenu watalifundisha vizuri kuliko mimi. Mkataba wa 1951 unataka hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya kabila au rangi, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa katika nchi zao. Sheria yetu imebeba yote mawili. Si kila aliyekimbia ni mkimbizi: aliyeua raia vitani naye hukimbia, na Mkataba unamtoa nje.

Ila jambo moja silipiti, kwa sababu ya mji tuliomo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, aliyechomewa nyumba Burnt Forest akaja kulala kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, mbele ya Mkataba wa 1951 hakuwa mkimbizi, kwa kuwa hakuvuka mpaka. Alikuwa mkimbizi wa ndani, na sheria ya kumlinda Bunge letu lilikuja kuipitisha mwaka 2012. Jirani yake aliyekimbilia upande wa pili, akavuka Malaba, akapokewa Mulanda kule Tororo na baadaye akahamishiwa Kiryandongo, huyo alikuwa mkimbizi kamili, Mkenya mkimbizi nchini Uganda. Moto mmoja, majirani wawili, sheria mbili. Mkisikia mtu akisema wakimbizi ni watu wa nchi zilizoshindwa, mwulizeni alikuwa wapi mwezi ule.

Nije kwenye sehemu ya kazi ninayoipenda, ambayo haina joho wala makofi. Ni kuandika maelezo ya mwomba hifadhi.

Ombi la hifadhi mara nyingi halina shahidi wala risiti. Aliyekimbia usiku hakubeba cheti cha kuthibitisha kwamba alitishwa. Ushahidi mkubwa ni yeye mwenyewe na anachokisema, na anachokisema kitaandikwa mara kadhaa: siku ya kusajiliwa, siku ya mahojiano, siku ya rufaa. Ofisa akikuta maelezo mawili yanapishana, anaandika kwamba mwombaji haaminiki, na neno hilo likishaingia kwenye faili kulitoa ni kazi ya miaka.

Lakini tazameni jinsi kupishana huko kunavyozaliwa. Mwethiopia anahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja. Akisema askari walikuja saa mbili usiku, wewe na mimi tumeelewa papo hapo, watoto wako macho na chakula kiko mezani. Ila maelezo yanaandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi aliyechoka anaandika saa mbili za Kizungu, ambazo kwetu ni saa nane za usiku wa manane. Mahojiano ya pili anakuja mkalimani mwingine, anageuza inavyotakiwa. Sasa faili ina mke aliyekuwa akipakua chakula saa nane usiku. Ofisa hajui kosa limetoka wapi. Anaona uongo tu.

Kalenda nayo ni vivyo hivyo. Mwaka wao una miezi 13, unaanza Septemba, na uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Maandamano ya Waoromo yaliyoanza Novemba 2015 yako ndani ya mwaka wao wa 2008. Mteja akikwambia alifungwa mwaka 2008 ukaandika hivyo hivyo, umemfunga miaka saba kabla ya maandamano anayosema ndiyo yaliyomponza. Kwa hiyo uliza: kwa kalenda ya kwenu au ya huku? Kisha andika zote mbili kwenye maelezo, wazi, ili atakayekuja baada yako asiteleze.

Msudani Kusini tatizo lake ni jingine. Mtaona kadi nyingi zenye tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Si kwamba taifa zima lilizaliwa siku ya mwaka mpya. Mtu hakuijua tarehe, mwandishi akaweka ya kwanza ya mwaka. Huyo usimwulize "tarehe ngapi." Mwulize mvua ilikuwa imeanza? Ng'ombe walikuwa wamehamishwa? Ilikuwa kabla ya vita kuanza Juba, ile Desemba 2013, au baadaye? Mpe karatasi achore kijiji: nyumba, kisima, njia waliyokuja nayo wenye bunduki, njia aliyotoka nayo yeye. Nimeona mama ambaye kwa maneno hakuweza kupanga mambo mawili yakafuatana, akishika kalamu akaonyesha kila kitu, mpaka mti alioufichia mtoto. Ule mchoro uliambatishwa kwenye maelezo, na ukasema zaidi ya kurasa zangu.

Na msinyooshe hadithi. Kijana akitoka chuo ana hamu ya kuandika vizuri. Anapanga matukio, anaziba mapengo, anaweka maneno ya kisheria kinywani mwa mchungaji wa mbuzi. Akiulizwa siku ya mahojiano maana ya neno lililo kwenye maelezo yake, mteja anababaika, na ofisa anajua kuna mkono mwingine. Pengo likiwepo, andika kwamba lipo na sababu yake. Mwongozo wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1979, unasema kazi ya kutafuta ukweli ni ya pande zote mbili, mwombaji na anayemhoji, na kwamba mwombaji aliyejitahidi na anayeaminika kwa ujumla apewe faida ya shaka. Faida hiyo haipewi hadithi iliyopigwa pasi.

Madalali wapo, tusidanganyane. Wanauza hadithi zilizokuwa tayari, wanauza nafasi kwenye foleni, wanauza matumaini ya Kanada. Usajili wa wakimbizi ni bure, na kila mteja aambiwe hivyo siku ya kwanza. Mteja akikuletea hadithi ya kununua, mwambie kwa upole kwamba huwezi kuibeba, kisha mwulize yaliyomkuta kweli. Mara nyingi ya kweli ni nzito zaidi ya ile aliyoinunua. Na jambo hili litieni akilini kabisa: kamwe, kwa nia njema yoyote ile, usipigie ubalozi wa nchi ya mteja kuthibitisha cheti chake. Umewaambia wanaomtafuta alipo. Wala usipige naye picha ya kuweka mtandaoni.

Wapo pia wateja wanaokimbia kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, ambao kanisa lako au msikiti wako hauwakubali. Watavuka mpaka wa Busia na watakuja ofisini kwako. Kama huwezi kuwahudumia kwa moyo mmoja, wapeleke kwa anayeweza siku hiyo hiyo, kabla muda wao haujaisha. Nami naona wakili anayechagua mateso ya kuamini afadhali akaandike mikataba ya mashamba.

Sasa kesi kubwa, maana najua ndizo zilizowavuta wengine. Desemba 2012, baada ya mashambulizi ya gruneti mijini, serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambi za Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, pamoja na wakimbizi wenyewe wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja, ambaye baadaye mawakili wa Kisumu walimzoea sana, akalitupilia mbali agizo lile: linavunja utu wa watu, linakiuka uhuru wao wa kwenda watakako, na serikali haikuonyesha kuhamishwa kwa wakimbizi wale kungezuiaje bomu. Mwaka uliofuata, Machi 2014, likaja agizo linalofanana nalo. Likapelekwa mahakamani kwa jaji yule yule, katika kesi ya Samow Mumin Mohamed. Safari hii akakataa kulitengua.

Somo la sheria ya wakimbizi nchini Kenya, mimi ningelianza kwa kuwaweka wanafunzi na hukumu hizo mbili, zikiwa bega kwa bega, na swali moja: ni ushahidi gani ulikuwa kwenye faili ya kwanza na haukuwa kwenye ya pili? Nani aliapa hati za kiapo? Walisema nini kuhusu maisha yao, kazi zao, watoto wao? Mkimaliza mtaelewa kwa nini nimetumia muda wote huu kwenye maelezo na saa za Kihabeshi.

Nyingine mzisome wenyewe. Ile ya Februari 2015, mahakama ilipofuta kifungu kilichotaka Kenya isiwe na zaidi ya wakimbizi 150,000. Ile ya Februari 2017, Jaji John Mativo alipozuia kufungwa kwa Dadaab. Leo nchi ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Fikirieni kifungu kile kingesimama, hesabu ingefanywaje.

Basi njia ni ipi? Ya karatasi mnaijua. Shahada ya kwanza ya sheria, kisha Karen kwenye shule ya mafunzo ya uwakili, mitihani tisa ya Baraza la Elimu ya Sheria ambayo imewaliza watu wazima, miezi sita ya uanagenzi, kisha kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Hakuna njia ya mkato kwa anayependa wakimbizi.

Jambo wasilolisema sana ni hili. Uanagenzi unafanywa chini ya wakili aliyefanya kazi kwa miaka isiyopungua 5. Na ukishaapishwa, Sheria ya Mawakili inakutaka ufanye kazi ya kuajiriwa miaka 2 kabla ya kufungua ofisi yako, chini ya wakili mwenye sifa hizo hizo, au katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, au shirika lililoidhinishwa. Kuna mashirika mazuri sana ya wakimbizi ambayo yana maofisa wa ulinzi, yana wanasaikolojia, yana kila mtu, isipokuwa wakili wa kukusimamia kwa mujibu wa sheria. Uliza kabla ya kutia sahihi. Nimewaona vijana wenye akili wakifanya kazi ya moyo wao kwa muda mrefu, halafu muda huo usihesabike.

Shirika la Refugee Consortium of Kenya limekuwa kwenye kazi hii tangu 1998, na Kituo cha Sheria kipo tangu 1973. Peleka barua kwao, hakuna ubaya. Lakini ushauri wangu, na najua baadhi ya wenzangu hawaupendi, ni kwamba mwaka wa kwanza au wa pili ukae katika ofisi ya kawaida ya mji kama Nakuru, Kitale, Eldoret au Busia, ofisi yenye kesi za jinai kila siku. Ujifunze dhamana, ujifunze kumhoji askari aliyekamata, ujue karani gani anajua faili iko wapi. Ufundi huo haufundishwi kwenye warsha ya hotelini yenye chai ya saa nne na vitafunio.

Mnaosoma bado msingoje joho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili msaada, na inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili. Kliniki ya sheria ya chuo chenu inaweza kuandaa orodha ya wakalimani wa mji huu. Watafuteni: mwanafunzi Mnuer anayesoma uuguzi, mama Mkongo anayeuza vitenge, mzee Msomali mwenye duka. Andikeni majina, lugha na simu, kwa idhini yao, mpeleke kwa msajili wa mahakama na kwa mawakili. Orodha ya ukurasa mmoja ingeokoa zile Jumatatu nilizowaeleza kuliko makongamano yetu yote. Ni aibu kwamba sisi wakubwa hatujaifanya.

Na tazameni kazi inakokwenda. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka Kakuma na Dadaab ziache kuwa kambi na ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Sheria ya 2021 inampa mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nafasi ya kuacha ukimbizi kwa hiari na kukaa kama raia wa Jumuiya. Sudan Kusini imo tangu 2016, Kongo tangu 2022, Somalia tangu 2024. Yaani wengi wa wakimbizi wetu wanaguswa. Je, mteja wako aache? Akiacha, kisha nchi yake ikamfuata, nani atamlinda? Mahakama zetu bado zina mengi ya kuamua hapo. Ardhi ya Turkana nayo ni ya jamii, na Waturkana wana haki ya kuuliza itagawanywaje. Kwa hiyo anayejua sheria ya ardhi, leseni za biashara za kaunti, mikataba ya upangaji na ushuru, huyo ni wakili wa wakimbizi wa miaka kumi ijayo, hata kama yeye mwenyewe hajalitambua hilo.

Fedha. Mwenyekiti aliniomba nisiliruke, wala sitaliruka. Ajira za mashirika ni za mkataba, na mkataba unafuata mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa na ofisi nyingi zikapunguza watu, mawakili wakiwemo. Waliokuwa na leseni hai na wateja wachache wa mirathi na mashamba waliendelea kulipa kodi ya nyumba, na waliendelea pia kusimama mahakamani kwa ajili ya wakimbizi. Waliokuwa wamekabidhi kila kitu kwa mfadhili mmoja walirudi nyumbani. Mimi ofisi yangu inalishwa na mirathi. Familia za hapa zinagombana kuhusu ekari mbili, nami nawashukuru, kwa sababu ugomvi wao ndio unaonipa Jumatatu ya bure.

Kuhusu moyo, nitasema machache. Utasikia mambo ambayo hutaweza kumsimulia mtu nyumbani, kwa sababu ni siri ya mteja na kwa sababu yatamharibia chakula. Tafuta wakili mwenzako mwenye umri kukuzidi ambaye unaweza kumwambia bila kutaja majina. Usiyapeleke baa.

Mwenyekiti, nina karatasi nyingine mbili hapa kuhusu rufaa, lakini naona kuna dada kule nyuma aliyeinua mkono tangu niliposema neno fedha, na hajaushusha. Tuanze na yeye.